Sura ya Tisa: Mondi wa Nani

Edmond alikuwa amekaa kwenye sakafu ya mahabusu, mgongo ukutani. Inspekta Kindness Massawe alipoingia hakusimama.

“Simama. Huyu ni afande mkubwa,” Koplo Basili alimwambia.

“Mkubwa kwako,” Edmond alijibu. “Mimi naona wote mna kimo kimoja.”

Kindness alivuta ndoo tupu, akaigeuza, akaikalia. Wazazi wake walimpa jina hilo kwa matumaini, na matumaini hayo, kama yalivyo mengi ya wazazi, yaliishia kanisani siku ya ubatizo. Kituo kizima cha Moshi kilijua kwamba wema wote wa Inspekta ulikuwa kwenye kitambulisho.

Alikuwa amerudi asubuhi hiyo kutoka Himo, alikokuwa akifukuzana na watu wa magendo, akakuta kesi ya mauaji imeshamenywa kama ndizi mbivu, kazi iliyobaki ni kumeza. Dakta Anold Kimaro, mhadhiri mstaafu, ameokotwa chini ya korongo huko Old Moshi, kichwa kimepasuka juu ya mawe. Juu ya korongo hilo ndipo kilipo kibanda alichojenga cha kutazamia nyota. Aliyekamatwa ni mpwa wake, huyu Edmond, ambaye mlima mzima unamwita Mondi. Walikuwa wakigombania mpaka wa shamba. Basi, nini tena?

“Jumanne jioni ulikuwa wapi?”

“Nakata majani ya ng'ombe.”

“Nani alikuona?”

“Majani.”

Kindness karibu acheke, akajizuia. Basili alimpa mfuko wa nailoni wenye jani refu la kijani, limeanza kunyauka. “Kielelezo, afande. Lilikuwa mfukoni mwake. Isale ndio mmea wao wa mipaka. Aliung'oa mpaka wa marehemu.”

Basili alizaliwa Pangani. Angeweza kukuambia upepo gani unaleta samaki gani, lakini mlimani alikuwa bado mgeni. Kindness aliugeuza mfuko kwenye mwanga wa dirisha. Isale la mpaka liking'olewa hutoka na shina na udongo wake. Hili lilikuwa jani tupu, limekatwa kwa kisu, katikati limepigwa fundo. Mtoto yeyote wa Kichagga anajua maana yake: aliyekukosea akikuletea isale lenye fundo, umekwisha. Huna ruhusa ya kukataa kusamehe.

“Nani alikufungia hili?”

Kwa mara ya kwanza Edmond alimtazama usoni. “Mjomba. Jumapili, baada ya ibada. Alikubali kwamba aliusogeza mpaka. Nikalipokea.”

“Kwa nini hukusema?”

“Nilisema. Huyu mtu wa Pangani akaniambia majani ni chakula cha mbuzi.”

“Mbuzi na kondoo,” Basili alirekebisha.

Kindness alisimama. Alichosikia shahidi, na ambacho ndicho kilichomleta Edmond mahabusu, hakumwambia. Ilikuwa kanuni yake ya miaka yote: mtuhumiwa humpi maneno ya shahidi, atayavaa kama koti. Kanuni nzuri hiyo. Aliiamini kama alivyoamini mshahara wa mwisho wa mwezi.

Mkuu wa upelelezi wa mkoa hakutaka hata kuliona jani. “Shahidi kamsikia marehemu akimtaja muuaji wake kwa jina. Unataka nini zaidi, Massawe? Malaika ashuke kula kiapo?”

“Nataka kumsikia shahidi mwenyewe.”

“Basili amemsikia.”

“Basili amemsikia kwa masikio ya Basili.”

Mkuu alitupa kalamu mezani. “Mchana karandinga linapeleka watu mahakamani, na huyo kijana ni mmoja wao. Akishasomewa mauaji hakuna dhamana. Atakaa gereza la Karanga mpaka aote mvi, na ukija kugundua ulikosea utamtembelea na maandazi. Kwa hiyo kama unakwenda, nenda.”

Shahidi alikuwa Mwalimu Elisifa, na nyumba yake inatazamana na kibanda cha nyota, korongo katikati. Alikuwa akichagua kahawa kwenye ungo, akitupa mbovu kwa ghadhabu kama vile kila punje ilimtukania mama yake.

“Shikamoo, Mwalimu.”

Mwalimu alimaliza kwanza kiganja alichokuwa nacho. “Marahaba. Nani huyu? Ahaa. Kindness wa Massawe. Uliyekuwa ukiandika ng'ombe bila ritifaa.”

“Nimejirekebisha, Mwalimu.”

“Sina uhakika.” Akamgeuzia Basili macho. “Na huyu ndiye yule bwana aliyekuja kunifundisha Kiswahili.”

Basili alikohoa. Kindness alimtazama, akaona shingo yake imeanza kutoka jasho ilhali huko juu kulikuwa na baridi.

“Mwalimu, niambie ulichosikia Jumanne. Maneno yale yale.”

“Nilikuwa nafunga zizi, bado kweupe. Nikasikia sauti ya Anold ng'ambo ile. Nilimfundisha tangu hajaota meno ya mbele, siwezi kuikosea sauti yake. Alisema kwa nguvu: Mondi imeniua. Kulikuwa na sauti nyingine, ya chini chini, maneno yake sikuyapata. Kisha kimya. Kisha mawe yanaporomoka.”

“Mondi ameniua,” Basili alisema polepole, kwa upole wa mtu anayemfunga mtoto vifungo vya shati.

Mwalimu Elisifa aliweka ungo chini.

“Umemwona? Hivyo hivyo alivyonifanya. Nikasema imeniua, akaniambia hapana bibi, kwa mtu tunasema ameniua. Akaniambia mimi. Mimi niliyefundisha ngeli mpaka chaki ikanila mapafu.”

“Lakini bibi, Mondi ni mtu, na mtu—”

“Ningekuwa bibi yako ningekunyima uji.”

“Basili, kanyamaze kule kwenye gari,” Kindness alisema. Basili alinyamaza palepale alipo. “Mwalimu, labda aliyekosea ni Anold. Mtu akiwa na hofu ulimi huteleza, na sisi huku Kiswahili tunakichanganya na Kichagga.”

“Wewe unachanganya. Anold nilimtandika fimbo kwa ngeli mpaka akawa anaota upatanisho wa kisarufi. Hata angeanguka korongoni angeanguka na viambishi sahihi.” Aliinua kidole, kidole kilekile cha darasani. “Alisema i. I-me-ni-u-a. Nimemweleza huyu kijana wako mara mbili, akatabasamu.”

“Mbona hukukataa? Ulimwacha akaondoka na maneno yake.”

Mwalimu aliuchukua tena ungo, lakini mikono haikuchagua kitu. “Nilikuwa nimetoka kumsikia mtu akifa, Kindness. Sikuwa na nguvu ya kufundisha darasa la pili.”

Njiani kurudi kwenye gari Basili alitembea nyuma, kimya kizito, na kwa mtu wa Pangani kimya ni ugonjwa. Mwishowe alishindwa.

“Afande, nifokee, nimestahili.”

“Nitakufokea nikipata nafasi. Sasa nisaidie. Wewe ndiye bingwa wa ngeli. Mondi imeniua. Mondi gani huyo anayekuja na i? Ng'ombe dume?”

“Ng'ombe ana roho. Tunasema ng'ombe ameniua. Hata mbwa, hata nyoka.” Basili alisimama, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo ubongo wake ulianza kustahili mshahara. “Lazima iwe kitu kisicho na uhai. Pikipiki. Dawa. Pombe.”

“Kuna pombe inaitwa Mondi?”

“Mkiipika ninyi watu wa huku, siwezi kushangaa.”

Waliuliza dukani. Hakuna pombe ya hivyo. Muuza duka alisema pikipiki ya Mondi fundi wa njia panda watu huiita Mondi, na kwa dakika chache njia ile iling'aa kama shilingi mpya. Walipoifikia, pikipiki ilikuwa imeegeshwa juu ya matofali, haina gurudumu la mbele, na kuku alikuwa ameatamia mayai chini yake. Haikuwa imemuua mtu yeyote tangu mvua za masika.

Ilibaki nyumba ya marehemu.

Turubai la matanga lilikuwa limefungwa kuanzia mlangoni mpaka kwenye migomba. Kindness hakumaliza hata salamu kabla Kastori, kaka wa marehemu, hajamzibia njia. Mwanamume mpana, koti la msiba limembana.

“Tumeambiwa unazunguka kumtafutia Mondi mlango wa kutokea.”

“Pole na msiba, baba.”

“Pole zako mpelekee Ruth, mama yake. Alizaa nyoka, sasa anataka tumwite mjusi.” Wanaume wawili nyuma yake waliinuka kwenye viti. “Hapa unaingia kama mfiwa au huingii.”

“Naingia kama polisi,” Kindness alisema. “Ukinizuia, jirani zako watapata la kusimulia mpaka Krismasi. Chagua.”

Kastori alichagua kutema mate pembeni, na akapisha.

Mjane, Mama Elinipendo, alikuwa amekaa juu ya godoro chumbani, khanga mpaka kidevuni. Wanawake waliokuwa naye walitoka bila kuambiwa. Hakumkaribisha Inspekta kukaa.

“Mmeshamkamata. Mnataka nini kwangu?”

“Mama, nina swali moja la ajabu. Humu ndani kulikuwa na kitu chochote kinachoitwa Mondi?”

Mjane alicheka bila furaha yoyote. “Humu tuliishi watatu. Yeye, mimi na Mondi. Na mke mdogo nilikuwa mimi.”

Kindness aliona kesi ikirudi ilikotoka. Kumbe kijana alikuwa akiishi humu. “Yaani Mondi wa Ruth alihamia—”

“Mondi wa Ruth wa nini? Hata kikombe cha chai hapa alikuwa hanywi. Nasema Mondi ya nyota.”

Mlangoni, Basili alishika fremu kwa mikono miwili.

“Ya,” alinong'ona. “Amesema Mondi *ya*.”

“Nieleze, mama,” Kindness alisema, na sasa alikaa, kwenye sakafu, hakusubiri kualikwa.

“Mimi ni mke wa mtaalamu, si mtaalamu. Nitakueleza ya jikoni.” Mjane alijifuta pua. “Nyota ziko kwenye makundi makubwa yanayozunguka, wanayaita galaksi. Za pembeni kabisa zilipaswa ziende polepole, maana ziko mbali na uzito wa katikati. Haziendi polepole. Zinakimbia, na kwa kasi ile zingeshatawanyika. Wazungu wengi wanasema kuna kitu kimejificha kinazishika, hakionekani, wanakiita maada ya giza. Watu wa kanisani waliposikia habari za giza wakaja kutuombea, siku nzima, wakala na mbuzi. Lakini Anold ndiye aliyekuwa anakataa giza. Alisema: hesabu isipotoka, usibuni mtu asiyeonekana ukamtupia lawama. Kagua kanuni. Kuna wataalamu wanaosema kanuni ya mvutano yenyewe hubadilika pale mvutano unapokuwa dhaifu sana. Hiyo kanuni ina jina refu la Kiingereza, kifupi chake ndiyo hiyo Mondi. Miaka yake yote ya ualimu aliimaliza humo. Kwenye yale makundi makubwa kabisa ya galaksi ilikuwa inachechemea, hata yeye alikiri, lakini alisema itapona.”

“Na ilipona?”

“Waliitafutia dawa, yeye na Davis.”

Jina hilo Kindness alikuwa amelisikia asubuhi, likapita sikioni kama nzi: Dakta Davis, mwanafunzi wa zamani wa Anold, sasa mhadhiri mjini. Alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Alilia kuliko ndugu.

“Walikuwa wanapima nyota zinazokwenda mbilimbili,” mjane aliendelea. “Mbili zinazungukana kwa mbali sana. Zikikimbia kupita kiasi, Mondi imeshinda. Wakapima, zikakimbia. Davis akapata sifa, akaitwa kazi ng'ambo. Basi wiki zile za mwisho mume wangu hakulala. Alikuwa anatembea humu akisema, kuna ya tatu. Kwamba nyingi ya zile jozi zina nyota ya tatu ndogo imejificha, hiyo ndiyo inayoziharakisha, wala si Mondi. Na kwamba Davis alijua akanyamaza. Akaniambia kwamba Jumamosi hii atawaandikia wakubwa wa nje kwamba wamekosea, wote wawili.” Aliivuta khanga kidevuni. “Kwa nini unaniuliza haya? Kijana wa Ruth hajui nyota hata ya kuangalia asubuhi.”

Kindness alimwambia. Ilikuwa nje ya kanuni yake, lakini huyu hakuwa mtuhumiwa. Alimwambia maneno ya Mwalimu Elisifa, na herufi yake.

Mjane aliiacha khanga ianguke begani.

“Mwalimu Elisifa amesema i?”

“Amesema i.”

“Basi ni i.” Alitazama ukuta. “Hilo neno asingeniambia mimi, maana ningemjibu, mimi je, iliniua lini? Asingemwambia Mondi, wala Kastori, wala mchungaji. Neno lile mlima huu mzima lina msikilizaji mmoja.”

“Hakuwa anazungumza kwa simu?”

“Simu ilikuwa jikoni inachaji. Kibandani hakuipeleka hata siku moja. Alisema mwanga wake unaharibu macho.”

Walipotoka, Kastori alikuwa bado amesimama pale pale. Kindness alimpita bila neno, na Basili akampa pole kwa adabu kamili ya Pangani, jambo lililomkera zaidi.

Dakta Davis alifika kituoni mwenyewe, ameitwa kama mtaalamu wa kusaidia polisi. Alikaa na kukunja nne. Koti safi, viatu safi. Anakaa Shirimatunda, alisema, na Jumanne alishinda nyumbani na mafua. Kabla ya msiba, Old Moshi hakuwa amekanyaga tangu wiki iliyotangulia.

“Sina muda mrefu,” aliongeza. “Na sijui polisi mnaweza kuelewa kiasi gani.”

“Tuelekeze kama watoto,” Kindness alisema. Basili alikaa kona na kalamu yake.

Davis alieleza. Alieleza vizuri, alikuwa mwalimu mzuri, alichora kwa kidole mezani galaksi inayozunguka na nyota za ukingoni zinazokimbia. Akaeleza maada ya giza, na jinsi watu wanavyoitafuta ardhini na angani, na jinsi yeye na mwalimu wake walivyosimama upande wa pili, kwamba kanuni ndiyo inayobadilika.

“Na hiyo kanuni yenu inaitwaje?”

“Ina jina refu la Kiingereza.”

“Fupi lake?”

Kidole kilisimama katikati ya galaksi. “Halina umuhimu kwa shauri lenu.”

“Sawa. Mondi ni nani?”

“Si yule mpwa wake mliyemkamata?”

“Mwingine humjui?”

“Inspekta, Moshi ina akina Mondi wangapi? Wote wamebatizwa Edmond au Raymond. Nawajuaje?”

Kindness aliitikia kwa kichwa, kama mtu asiye na la ziada. Mtu huyu alikuwa amekula mkate wa Mondi tangu chuo, ameitwa ng'ambo kwa sababu ya Mondi, na akiulizwa Mondi ni nani anaonyesha kijana wa kukamua ng'ombe. Huwezi kuisahau kwa bahati mbaya dini uliyobatiziwa. Lakini kunyamaza hakimu hakuhesabu. Alihitaji afungue mdomo, na alimjua mnyama huyu. Tangu asubuhi alikuwa amezungukwa nao: mwalimu hawezi kuliacha kosa likapita mbele yake.

“Basi nikwambie ukweli, Dakta. Tumekuita kwa sababu shahidi amebadilisha maneno. Anasema marehemu alitamka hivi: Davis ameniua.”

“Uongo huo.”

“Shahidi ameapa.”

“Aape kwa mbingu na nchi. Jina langu hakulitaja.”

“Davis ameniua. Kwa sauti kubwa. Ng'ambo ya korongo wamesikia.”

“Hakusema hivyo,” Davis alisema, na uso wake ulikuwa na uchungu halisi, uchungu wa mtu anayeona jibu baya limepigiwa tiki. “Alisema Mondi imeniua.”

Kalamu ya Basili ilisimama.

Mtaani kote, kuanzia dukani mpaka matangani, neno lililosambaa lilikuwa la Basili mwenyewe. Ameniua. Basili ndiye aliyelipanda na ndiye aliyelimwagilia. Ile nyingine ilikuwa kichwani mwa Mwalimu Elisifa, na mwa hao walioambiwa leo. Na mwa mtu wa tatu.

“Samahani, Dakta,” Basili alisema kutoka konani, kwa sauti ya heshima sana. “Umesema ameniua, au imeniua?”

Davis aligeuka. Akafungua mdomo. Kindness aliona macho yake yakirudi nyuma, yakiitafuta silabi ile hewani kama mtu anayetafuta funguo mfukoni baada ya mlango kujifunga.

“Ameniua,” alisema. “Bila shaka.”

“Nimesikia i,” Basili alisema.

“Ulimi umeteleza. Sisi huku—”

“Usiniambie ninyi huku,” Basili alisema, na heshima yote ilikuwa imeisha. “Leo nimeshajifunza kuhusu ninyi huku.”

Kindness aliegemea mbele. “Mama Elinipendo ametuambia habari za nyota ya tatu. Najua ulichonyamazia na najua alitaka kuandika nini Jumamosi. Simu yake ilikuwa jikoni. Alikuwa anazungumza na mtu aliye mbele yake, na mtu huyo alikuwa anaijua Mondi. Nitajie mwingine. Mmoja tu, kutoka Old Moshi mpaka Shirimatunda, na nitakuomba radhi kwa magoti.”

Nje, mtu alikuwa akipiga honi ya karandinga, akiharakisha watu wapande.

“Nilimwomba asubiri,” Davis alisema hatimaye. “Niondoke kwanza. Mwaka mmoja. Kwani nyota zingekwenda wapi? Akasema Mondi imeniua, isikuue na wewe. Akaanza kuondoka. Nilimshika mkono, tu. Akauvuta. Ule ukuta wa ukingoni mwa korongo unaishia magotini.”

“Na ulishuka?”

“Nini?”

“Kumtazama. Ulishuka?”

Davis alikikunjua kidole chake, akakikunja tena.

“Nilishuka barabarani,” alisema.

Kindness hakusubiri Davis apigwe pingu. Alitoka mbio, na kwa umbo lake watu wa kaunta walidhani kuna moto. Karandinga lilikuwa limeshatoka getini. Alilikuta kwenye mzunguko, akasimama mbele yake katikati ya barabara, mikono kiunoni, madereva wa bodaboda wakimtukana kwa lugha tatu. Edmond aliteremshwa wa mwisho, kwa kuwa alikuwa amefungwa pingu pamoja na mwizi wa kuku ambaye alidai yeye pia aachiwe, maana wako pamoja.

“Uko huru,” Kindness alimwambia kando ya barabara. “Tumempata aliyekuwa naye. Ni Davis.”

Edmond alisugua kifundo cha mkono. Hakusema asante, naye Kindness hakuitegemea.

“Mlinikamata kwa nini?”

Jibu hilo Kindness alikuwa anadaiwa. Alimweleza yote: Mwalimu Elisifa, ng'ambo ya korongo, maneno yenyewe na jinsi Basili alivyoyanyoosha. Edmond alisikiliza ameinamisha kichwa.

“Yaani mlisikia mjomba amesema Mondi, mkanifuata mimi.”

“Mlima mzima unakuita Mondi.”

“Mlima mzima, ndiyo. Mjomba alikataa tangu naanza shule. Alisema jina hilo lina mwenyewe.” Alikuwa ameshaanza kuvuka barabara, upande wa magari ya Old Moshi, na alisema mengine bila kugeuka. “Yeye aliniita Edi. Mngeniuliza.”